Mgonjwa wa Bwana Mbichi

Sauti ile Daktari aliitambua kabla hajainua uso. Kila siku ya kazi muuguzi wake huwasha redio hata kabla ya kufungua madirisha, na mtangazaji wa kipindi cha asubuhi huingia chumbani pamoja na harufu ya dawa. Ni sauti ya taratibu, yenye kicheko kwa mbali, sauti ambayo hata ikitangaza mvua mtu hutamani kulowa. Leo sauti hiyo ilikuwa imesimama mlangoni, mkono shavuni, ikiomba radhi.

"Daktari, nisamehe nimekuja bila miadi. Nimeshindwa kusoma habari. Hewa ikipita tu mdomoni, nasikia kama nachomwa sindano."

Muuguzi, mama wa makamo asiyeshtushwa na usaha wala damu, nusura aangushe trei. "Ni yeye!" alimnong'oneza Daktari, kwa mnong'ono ambao hata watu wa kwenye benchi nje waliusikia.

Daktari alicheka. Akavua pete yake ya uchumba, kama afanyavyo kila anapotaka kuvaa glavu, akaitia kwenye mfuko wa koti jeupe.

"Keti. Laza kichwa. Fungua mdomo."

Mtangazaji alikuwa mzuri kuliko sauti yake, jambo ambalo Daktari aliliona si haki. Ngozi inang'aa, shingo ndefu, macho ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Lakini mdomoni mambo yalikuwa mengine. Meno ya mbele yalikuwa yamekonda. Ncha zake zilipitisha mwanga kama kucha, na lile tabaka gumu la juu, ambalo likienda limekwenda, lilikuwa limeliwa upande wote wa mbele. Hakukuwa na tundu hata moja, wala uchafu. Meno haya hayakuoza. Yalikuwa yameoshwa na kitu kikali, kila siku, na mtu mwenye nia njema.

"Unakunywa soda?"

"Hapana kabisa."

"Unatapika mara kwa mara?"

"A-a."

"Sukutua, teme. Halafu niambie unakula nini."

Mtangazaji alisukutua kwa maji ya uvuguvugu, akajifuta, akajinyoosha kitini kama mtu aliyeulizwa swali alipendalo.

"Nakula vibichi, Daktari. Siwashi jiko. Asubuhi glasi ya maji ya limau, malimau mawili. Mchana nanasi na majani. Jioni limau tena. Tumbo langu lilikuwa linawaka moto, nikawa nameza vidonge kama karanga. Sasa sina hata kimoja. Nikipima mate kwa vile vikaratasi vya kupimia asidi, vinakuwa vya kijani kizuri, Mwalimu anafurahi."

"Limau mara mbili kwa siku?"

"Najua utasema ni kali. Lakini Mwalimu anasema limau ni asidi mdomoni tu. Likishapita, mwili unaligeuza kuwa alkali."

Kioo kidogo kilitulia mkononi mwa Daktari. Sentensi ile aliijua. Aliijua na mapumziko yake, na kidole kinachoinuliwa kwenye neno *mdomoni*. Alikuwa ameisikia akiwa mezani na mtu mmoja tu duniani.

"Mwalimu yupi huyo?" aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Wanamwita Bwana Mbichi. Zamani alikuwa mpishi wa hoteli, hebu fikiria, mpishi! Humjui?"

"Nimesikia habari zake," alisema Daktari. "Fungua."

Angetaka mdomo ule ubaki wazi na kimya mpaka jioni. Lakini kazi ya meno ina vituo vyake, na kila kituo kilipofika, mtangazaji aliendelea pale pale alipoachia. Bwana Mbichi alimkatia tango kwa mkono wake mwenyewe, vipande vyembamba mno, kwa sababu aliona anatafuna kwa shida. Bwana Mbichi aligundua hapendi figili, akaacha kuziweka katika sahani yake bila kuambiwa. Bwana Mbichi humwekea parachichi lililoiva sawasawa, akilificha nyuma ya mtungi wengine wasilione.

"Na hanitazami kama wanaume wengine wanavyonitazama," alisema, sauti ikishuka kama pale anaposoma barua za wasikilizaji. "Ananisikiliza. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusikilizwa na kila mtu! Nadhani... we Daktari, nakwambia mambo gani mimi. Umeolewa?"

Muuguzi alikohoa kule kwenye beseni.

"Bado," alisema Daktari.

Halikuwa neno la uongo. Harusi ilikuwa mwezi ujao. Lakini lilipotoka alilisikia likianguka vibaya, na hakuliokota.

Aliifikiria ile mikono ya mchumba wake, yenye alama za kuungua za tangu enzi za hotelini, mikono iliyowahi kumshika Daktari uso kwa woga siku ile ya kwanza alipokuja kung'olewa gego, ikimkatia mwanamke huyu tango. Yeye hajakatiwa tango. Mwaka mzima wa uchumba hajakatiwa hata karoti! Ni kweli alikuwa amesema tango halina ladha. Lakini mwanamume akitaka si huuliza tena?

Akafanya kazi yake. Aliifanya vizuri kuliko siku zote, kwa kiburi, ili asije akasemwa. Aliyapaka meno dawa ya kuyakaza, akaziba ncha zilizomong'onyoka, akalainisha kila pembe mpaka ulimi usingekuta pa kukwama. Alimwambia limau lisiguse meno kwa sasa. Akizidiwa na hamu, anywe kwa mrija, asukutue kwa maji, na asipige mswaki hapo hapo meno yakiwa bado laini.

Mtangazaji alishuka kitini akivuta hewa kwa majaribio. Uso ukamfunguka.

"Hainichomi! Alisema kweli. Alisema kuna daktari mmoja mikono yake haiumizi."

"Nani alisema?"

"Mwalimu. Yeye ndiye aliyenituma kwako. Akaniambia, mweleze kila unachokula, usimfiche kitu."

Mlango ulipofungwa, muuguzi alifungua mdomo.

"Usiseme," alisema Daktari.

"Sikutaka kusema. Nilitaka kuuliza kama nikuletee maji."

* * *

Kliniki ilikuwa chini na nyumba ya mama yake juu, ngazi moja tu. Mchana Daktari alipanda, akamkuta mama anakaanga samaki, madirisha wazi, mafuta yakiimba.

"Mama, ukisikia mwanamume anamkatia mwanamke asiye wake tango, tena vipande vyembamba, utasemaje?"

"Tango?"

"Ndiyo."

"La kukaanga?"

"Mama!"

"Nauliza tu." Mama aligeuza samaki. "Ni huyo wako? Mimi nilisema. Nilisema utaolewa na sungura, shangazi yako akaniambia ninyamaze. Nyumba haiwashwi jiko, mgeni akifika anapewa jani na pole."

"Basi umefurahi."

Mama alizima moto, akamtazama binti yake kwa kitambo. Alimwona macho mekundu, na ile midomo iliyobanwa ambayo alikuwa nayo tangu utotoni akinyang'anywa kitu.

"Sijafurahi. Simtaki kwa sababu ya majani yake, hilo silifichi. Lakini uongo sijamkuta nao. Siku ile nilimuuliza samaki wangu anaonaje. Mwingine angekula kinafiki, anisifu, akatapike barabarani. Yeye akasema, mama, wananukia mpaka roho inaniuma, lakini tumbo langu limekataa. Nilimchukia siku nzima." Akamsogezea sahani. "Kamuulize. Ukikaa na jambo hilo kooni utaharibu midomo ya watu wasio na hatia."

Daktari hakula. Mama naye hakumlazimisha, na hilo lilimtisha kuliko maneno yote.

* * *

Bwana Mbichi alifundishia sebuleni kwake. Kulikuwa na meza ndefu, viti visivyofanana, na ubao mweusi uliogawanywa kwa mstari wa chaki. Upande mmoja aliandika ASIDI, na chini yake nyama, sukari, kahawa, unga mweupe. Upande wa pili ALKALI, na chini yake tango, spinachi, parachichi, karoti. Limau lilikuwa upande wa kwanza, lakini mshale mrefu ulilitoa hapo na kulivusha.

Daktari alikuwa ameuona ubao huo mara nyingi ukiwa umefutwa nusu, akipita kwenda jikoni kumsubiri. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Jioni hii alisimama mlangoni, jua likiwa bado dirishani, akaona kila kitu kwa mara ya kwanza. Wanafunzi kumi na kitu wakipitishiana sahani. Mchumba wake katika aproni safi, kisu mkononi, akieleza jambo kwa furaha ambayo nyumbani kwa mama yake hakuwahi kuionyesha. Na kwenye kiti cha karibu kabisa na mkono wake, mtangazaji, kidevu juu ya kiganja, akimla kwa macho.

Bwana Mbichi akachomoa mrija, akautia kwenye glasi ya mtangazaji, akaisogeza mbele yake. Wakacheka wote wawili.

Daktari angegeuka aondoke, lakini mtangazaji alikuwa amemwona.

"Daktari! Na wewe umekuja!" Aliinuka, akamshika mkono, akamvuta hadi katikati ya chumba. "Jamani, huyu ndiye aliyenirudishia sauti. Mwalimu, huyu hapa daktari wako mwenye mikono isiyoumiza!"

Watu walipiga makofi. Bwana Mbichi alisimama na kisu chake, uso umempauka.

Daktari alimtazama. Alimpa nafasi. Hakuhitaji hotuba. Neno moja, *mchumba wangu*, na yote ya asubuhi angeyameza.

"Karibu, Daktari," alisema Bwana Mbichi.

Akainamia tango lake.

Daktari alitabasamu kwa watu wote, akatoa mkono wake taratibu katika mkono wa mtangazaji, akapita moja kwa moja hadi jikoni, akatokea uani. Alisikia kisu kikiwekwa mezani, kisha hatua nyuma yake.

"Nisikilize kwanza," alisema Bwana Mbichi.

"Karibu Daktari! Ningekuja kukuuzia bima ungenikaribisha hivyo hivyo."

"Nilishtuka."

"Ulishtuka kuniona, au kuonwa? Unajua kwamba anakupenda?"

Bwana Mbichi alitazama chini, kwenye maganda ya nanasi ndani ya ndoo.

"Najua."

Daktari alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kuwahi kabla ya wengine."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Kwa nini?"

Sebuleni watu walikuwa wameanza kuzungumza kwa sauti ya chini, ile ya watu wanaojifanya hawasikii.

"Kwa sababu ilinipendeza," alisema hatimaye. "Sikumgusa. Sikumtamkia neno lolote la mapenzi, na ukitaka nitaapa. Lakini kila jioni kuna mtu anakaa mbele yangu, anasikiliza kila ninachosema na kukiamini. Nyumbani kwenu naitwa sungura. Wewe mwenyewe unacheka."

"Nacheka kidogo."

"Unacheka vizuri, ndiyo maana inauma. Mwaka mzima hujakaa kwenye kiti kimoja cha darasa langu. Unapita kwenda jikoni kama mtu anayevuka barabara."

Hilo lilimpata Daktari mahali asipopalinda. Lakini hasira ilikuwa bado na kazi.

"Na meno yake? Umeyaona yanaliwa, ukamtuma kwangu. Ungenipigia simu, useme mpenzi, nina mwanafunzi anaumia."

"Niliona aibu. Limau ni mimi niliyempa. Tumbo lake limepona, mdomo wake nimeuharibu. Ningekuuliza vipi wewe, uliyesomea meno, bila kuonekana mjinga?"

"Kwa hiyo ukaona anieleze yeye. Na ukatumaini nitamwambia mimi kwamba una mchumba, usije ukachafua mikono. Ulinitumia mgonjwa, au ulinitumia kazi yako nikufanyie?"

Bwana Mbichi aliisogeza ndoo ya maganda kwa mguu. Daktari akahisi machozi yanapanda, akayakasirikia.

"Mimi nimeziba meno yake, unasikia? Nimeyaziba kwa mikono hii huku ananieleza jinsi mchumba wangu anavyomfichia parachichi!"

"Mchumba?"

Sauti ile haikuhitaji kutambulishwa. Mtangazaji alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, glasi yenye mrija mkononi, amewaletea au amesahau kuiweka chini.

Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akapata jibu mwenyewe.

"Mwalimu, wewe nitakuja kukusema siku nyingine, leo sina nguvu," alisema. Kisha akamgeukia Daktari. "Lakini wewe nilikuuliza. Nilikuuliza wazi. Ukasema bado."

"Ni kweli."

"Nilikuwa nimelala kitini kwako mdomo wazi, nakumwagia moyo wangu wote. Ungenikatiza. Ningeona haya kidogo, tungecheka, ningeenda zangu. Uliniacha niendelee. Kwa nini?"

Asubuhi nzima Daktari alikuwa amemchukia mwanamke huyu kwa shingo yake, kwa sauti yake, kwa tango lake. Sasa alimtazama, akaona mtu tu, akijaribu kutolia mbele ya watu wawili wanaopendana.

"Nilitaka kujua yote," alisema. "Nilikuonea wivu nikakusikiliza kama mwizi. Nisamehe."

Mtangazaji aliweka glasi juu ya ukuta wa ua, kwa uangalifu mkubwa.

"Ulifanya kazi nzuri," alisema. "Ningependa ingekuwa mbaya, nikuchukie vizuri." Akatundika mkoba begani. "Ile dawa ya kukaza, inarudiwa lini?"

"Wiki ijayo. Lakini naweza kukuandikia kwa daktari mwingine, kama hutaki..."

"Nitakuja kwako. Na safari hii nitanyamaza."

Alipita kando ya nyumba bila kurudi sebuleni. Wakasikia lango likifungwa.

Bwana Mbichi alifuta uso kwa aproni. Alionekana mzee ghafla, kama wapishi wanavyoonekana chakula kikishapakuliwa. Akarudi ndani. Daktari alibaki uani, akidhani amekimbia, mpaka aliposikia sauti yake kupitia dirisha.

"Samahanini. Kuna mambo mawili niliwakosea. La kwanza ni limau: mimi nilijifunza habari za tumbo, nikasahau kwamba linaanzia mdomoni. Wote mnaokunywa maji ya limau yakipita kwenye meno, acheni, na mkaonwe na daktari. La pili, yule aliyepita hapa ni mchumba wangu. Tunaoana mwezi ujao, kama bado ananitaka. Nilipaswa kuwaambia siku nyingi. Mwenzenu mmoja ameumia kwa kimya changu, na nitamwomba radhi. Leo tuishie hapo."

Watu walitoka mmoja mmoja kupitia uani, wakimwamkia Daktari kwa adabu iliyozidi, wakiinamisha macho. Mwanamume mmoja mnene alimwuliza kwa siri kama nanasi nalo ni hatari kwa meno, akamjibu litafunwe na kumezwa, lisiwekwe shavuni.

Ndani, Bwana Mbichi alikuwa anakusanya sahani. Daktari aliingia, akasimama mbele ya ubao.

"Bado nina hasira," alisema.

"Najua."

"Nitakuwa nayo kesho pia. Na akija wiki ijayo, mikono itanitetemeka. Sitakwambia imeisha kwa sababu umesema maneno mazuri dirishani."

"Usiniambie."

"Lakini hilo la kupita kama navuka barabara..." Aliutazama ubao. "Hilo ni kweli. Niliogopa nikikaa nitakuta unasema upuuzi, na nitashindwa kukuheshimu. Nikaona heri nisijue."

Bwana Mbichi aliweka sahani chini. Daktari alivuta kiti cha mbao kilichokuwa mwisho kabisa wa meza, mbali na kile cha mtangazaji, akaketi, akaweka mikono mapajani kama mwanafunzi.

"Nifundishe," alisema. "Anza mwanzo. Kama ulivyowafundisha wao."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Alimtazama kuona kama anadhihakiwa, akaona la. Akachukua chaki. Sauti yake ilianza kwa kusuasua, kisha ikapata njia. Alieleza alivyokuwa akilala ameketi, miaka ile ya hotelini, kiungulia kikimpanda hadi puani, na alivyoanza kula tango kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokubali kukaa tumboni. Daktari hakuwa ameisikia habari hiyo. Mwaka mzima, na hakuwa ameuliza. Aliinama mbele, kidevu juu ya kiganja, akamsikiliza.

Alivumilia mpaka Bwana Mbichi alipofika kwenye damu.

"...na ukila vyakula vya alkali, damu nayo inageuka kuwa ya alkali zaidi—"

"Hapo si kweli," alisema Daktari.

Chaki ilisimama hewani.

"Damu haiyumbi hivyo. Mapafu na figo haziruhusu. Mate na mkojo, sawa, vinabadilika. Damu ikibadilika hivyo, mtu yuko hospitali."

"Lakini vikaratasi—"

"Vinapima mate, mpenzi. Hakuna anayepima damu kwa karatasi mezani."

Bwana Mbichi aliutazama ubao wake, kisha akamtazama yeye. Kwa mara ya kwanza tangu kule uani, Daktari aliona kicheko kikimjia mtu huyu taratibu, kikianzia machoni.

"Haya," alisema, akimnyooshea chaki. "Basi njoo uandike wewe, na mimi nikubishie."

Aliinuka, akaipokea.